Muulize Daktari: "Mama hajawahi kuvuta sigara, hii kansa ya mapafu kaambukizwa na nani?"

Toleo lililopita nilijibu swali dogo tu kuhusu chanjo ya homa ya ini nikagusia kwa mstari mmoja kwamba zipo kansa zinazoletwa na virusi. Mstari mmoja! Tangu hapo simu haijapumzika, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, je na ya mapafu nayo? Kwa hiyo leo wale wa vidonda vya tumbo na wa presha mnisamehe, nitawafikia toleo lijalo.

Shikamoo daktari. Mimi msomaji wako wa siku nyingi niko Tanga. Mama yangu ana miaka 61 na mwezi wa pili tumeambiwa ana saratani ya mapafu. Daktari, mama yangu sigara hajaishika hata kwa kumwashia mtu, marehemu baba naye alikuwa havuti, yeye ni mtu wa swala tano na jikoni basi. Sasa shangazi kasoma ulichoandika akaja nyumbani na lake, anasema hii kansa ni ya virusi kwa hiyo inaambukiza. Tangu siku hiyo kikombe cha mama kimetengwa, sahani yake imetengwa, wajukuu wamekatazwa kulala naye. Mama anaona kila kitu ila hasemi. Naomba ukweli, kaipata wapi, na sisi watoto tukapimwe hivyo virusi? (Binti wa Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na kikombe maana hilo halisubiri. Kirudishe kabatini na vikombe vya wenzake leo hii. Kansa ya mapafu haihami kwa kikombe wala kwa mate wala kwa kulala kitanda kimoja, hata ukikoholewa usoni, kwa sababu seli ya kansa ya mama yako ikiingia kwako mwili wako unaijua mara moja kwamba huyu mgeni na unaimaliza. Wajukuu warudi chumbani kwa bibi yao. Kitu kimoja tu muulizeni daktari wake, je makohozi yalishapimwa TB? Manake mtu anaweza akawa na kansa na TB kwa pamoja, na hiyo TB ndio inayoambukiza kwa hewa. Kama alipimwa na hana, hakuna cha kutenga.

Na shangazi kama anabisha mpe simu asome hapa: Shangazi, shikamoo, aliyeandika ni mimi, ila umenisoma nusu.

Sasa tuje kwenye virusi vyenyewe, maana shangazi hakulitoa hewani, nusu aliyosoma ni ya kweli. Na kipande kikubwa cha hadithi hii kimeanzia hapahapa kwetu, hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mmoja wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa wodini amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini, ikamshinda kuelewa kwa sababu uvimbe wa kawaida huwa unachagua upande. Haukupita muda akawa Jinja kikazi, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine kakaa kwenye nyasi na mama yake, uso ni uleule. Akaanza kuwatafuta wengine, akakuta ugonjwa umejaa kwenye ukanda wa joto na mvua, kule ambako mbu wa malaria wanatawala.

Mwaka 1961 akaenda London kutoa mhadhara, na katika waliokaa kumsikiliza kulikuwa na mtafiti anaitwa Anthony Epstein ambaye tayari alikuwa anahangaika na virusi vinavyowapa kuku kansa. Huyu bwana akatoka mle ndani ameshaamua. Wakaanza kutumiana vinyama vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, miaka 2 na zaidi, hakuna kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ajili ya ukungu ikapelekwa Manchester, mzigo ukachelewa, na ulipofika maji ya kwenye kichupa yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Mwingine angemwaga kwenye sinki. Epstein akaweka tone kwenye hadubini akakuta seli zinaelea mojamoja, hai kabisa, ndizo zikakuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kipya ambacho mpaka leo kinaitwa Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Ndicho kirusi cha kwanza kabisa kuhusishwa na kansa ya binadamu, na kilitoka kwenye taya la mtoto wa Uganda.

Mbona nakupeleka Kampala wakati mama yuko Tanga? Subiri. EBV wanacho zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani. Ninacho mimi, unacho wewe, shangazi anacho. Tunakipata utotoni kwa mate na kinakaa kimya mwilini maisha yote, walio wengi hawaumwi. Kile kimtoto cha Mulago kilikuwa na kirusi hichohicho ila na malaria ya kurudiarudia juu yake. Yaani kirusi peke yake hakikutosha, kilihitaji mwenzake. Ukishalishika hilo, mengine yote ya virusi na kansa yanakuwa mepesi.

Baada ya hapo orodha ikaongezeka. Homa ya ini B na C zikaunganishwa na kansa ya ini. Mjerumani Harald zur Hausen mwaka 1983 akakuta kirusi kinachoitwa HPV, aina ya 16, ndani ya kansa ya mlango wa kizazi, na 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Hawa HPV wana ujanja wao, ndani ya seli zetu kuna walinzi wanaokagua seli kabla haijaruhusiwa kujigawa, sasa hiki kirusi kinakuja na vitu vyake viwili, kimoja kinammaliza mlinzi huyu na kingine yule, geti linabaki wazi na seli inazaana inavyotaka. Hapo hakuna tena ubishi, inajulikana mpaka jina la mlinzi aliyelazwa.

Basi watu wakajiuliza, kama anaweza mlango wa kizazi, kwa nini asiweze mapafu? Mwaka 1979 mtafiti mmoja wa Finland, Kari Syrjänen, aliona kwenye hadubini kwamba baadhi ya kansa za njia ya hewa zina alama zinazofanana na za HPV. Watafiti wakaanza kuchimba. Taiwan, ambako wanawake wengi wanaugua kansa ya mapafu na hawavuti sigara kama mama yako, walitoa taarifa mwaka 2001 kwamba HPV 16 na 18 zimeonekana kwenye zaidi ya nusu ya vinyama vya kansa ya mapafu walivyopima. Ukisikia hivyo unasema kesi imeisha. Ila soma mpaka chini, hata kwenye mapafu ya watu wasio na kansa walikuta HPV karibu robo yao. Na Ulaya na Marekani Kaskazini walipopima vya kwao wengi waliambulia patupu au vichache sana.

Sasa hapa ndio kwenye utamu wenyewe. Kile kipimo kinaitwa PCR, kinachukua kijipande cha DNA na kukinakili mara mamilioni mpaka kionekane. Ni kizuri mno, na uzuri wake ndio tatizo lake. Fikiria chumba kinachokata vinyama, asubuhi wamekata cha mlango wa kizazi kilichojaa HPV, mchana wanakata cha mapafu, kisu ni kilekile kimefutwa haraka haraka, au kitone kimebaki kwenye glovu. Kipimo kitapiga kelele kwamba mapafu yana HPV, kumbe ni ya mama mwingine kabisa wa asubuhi. Halafu wapo wagonjwa ambao kansa yao ilianzia kwenye kizazi ikahamia mapafuni, hao nao ukiwapima utakuta HPV na utadhani ni kansa ya mapafu.

Na hata kama hakuna kosa la maabara, kirusi kukutwa ndani ya uvimbe bado hakijahukumiwa. Si unajua usiku yakipigwa mayowe ya mwizi, ukifika unakuta watu 40 uwanjani. Mwizi anaweza akawa mmojawapo, anaweza akawa ameshaondoka zamani, na wengine wamekuja tu kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Seli ya kansa ni nyumba iliyobomolewa, kila kidudu kinapita. Ili umkamate kirusi lazima uonyeshe yuko ndani ya kila seli ya uvimbe, anafanya kazi hajalala, na ukimzuia ugonjwa unapungua. HPV kwenye mlango wa kizazi amekamatwa kwa yote hayo. Kwenye mapafu hajakamatwa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile lililoko Lyon Ufaransa linaitwa IARC, lina orodha ya kansa ambazo HPV imethibitika kuzisababisha, koo lipo, tonsili zipo, mapafu hayamo.

Kipo kirusi kimoja tu ambacho mimi nakihesabu kwamba kina kesi kwelikweli, na ni kilekile cha Mulago, EBV. Kuna aina ya kansa ya mapafu ambayo ukiitazama imejaa chembechembe za kinga zimezizunguka seli za kansa kama sisimizi kwenye mfupa, inawapata zaidi watu wa kusini mwa China, Hong Kong na Taiwan, mara nyingi wasiovuta sigara, na EBV anakutwa ndani ya seli za kansa zenyewe. Ni nadra, hata 1 katika kila 100 za kansa ya mapafu haifiki. Nasema nadra ili shangazi asiishike hiyo tena.

Kwa hiyo hapana, msiende kupima virusi. Hakuna kipimo cha damu cha virusi kinachoweza kukwambia utapata au hutapata kansa ya mapafu, anayewauzia hicho kipimo anataka hela yenu.

Mama kaipata wapi sasa? Kwa kweli kwa mtu mmojammoja huwa hatujui, naogopa daktari anayejibu hilo haraka. Kati ya wagonjwa 100 wa kansa ya mapafu duniani, 10 mpaka 25 hivi hawajawahi kuvuta. Wewe mwenyewe umeniandikia neno "jikoni". Miaka 40 ya kupuliza moto wa kuni, jiko la bati lenye paa la chini, moshi unatoka kwa mlango mmoja na macho yanatiririka, hiyo siyo hewa. IARC wanauweka moshi wa kuni wa ndani kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa, na moshi wa dizeli tangu 2012 wameuweka kwenye kundi la vilivyothibitika. Na wengine seli zao zinaharibika tu na umri, bila kosa la mtu.

Ila hapa kuna jambo la faida nataka ulifuatilie kuliko hilo la nani kaleta. Kansa ya mapafu ya wasiovuta sigara mara nyingi ina hitilafu kwenye jeni inayoitwa EGFR, na wenye hitilafu hiyo wana vidonge vyao, vya kumeza nyumbani, ambavyo vinaweza kurudisha uvimbe nyuma kwa muda mzuri tu. Muulizeni daktari, "kinyama cha mama kilipimwa EGFR?" kwa jina hilohilo, herufi nne. Kipimo kina bei na dawa zina bei, sikufichi, lakini mjue kipo. Na ukienda nenda na mama mwenyewe, aulize yeye, ndiye mwenye mapafu.

Daktari vipi, mimi ni mfugaji huku Nyandarua. Kondoo wangu wawili wamekonda na wanapumua kama wametoka mbio ilhali wamesimama tu, na pua zinatoa maji. Jirani anasema ni cancer ya mapafu na ati huambukizana. Sasa kama ya kondoo huambukizana ya mtu itakosaje? Na je nyama yake? (Mfugaji)

Mzee, hili swali limenifurahisha kuliko yote ingawa mimi ni daktari wa watu. Jirani yako anajua mambo. Ndiyo, kondoo wana kansa ya mapafu inayoambukiza na inaletwa na kirusi, hakuna ubishi. Makaburu wa Afrika Kusini waliiona tangu karne ya 19 wakaiita jaagsiekte, yaani ugonjwa wa kukimbizwa, kwa sababu kondoo anahema kama umemfukuza malishoni. Umeielezea vilevile bila kujua jina.

Kile kirusi ni cha ajabu sana. HPV inabidi iwalaze walinzi, huyu hana haja, gamba lake lenyewe likishaingia kwenye seli ya mapafu linaiamuru ijigawe. Uvimbe unazaa majimaji mapafuni, majimaji yamejaa virusi, kondoo anakohoa kwenye hori na wenzake wanavuta hewa ileile. Kuna kipimo cha zamani cha wafugaji, mshike kondoo miguu ya nyuma umwinue juu kama unasukuma wilbaro, kichwa kikaelekea chini. Mwenye ugonjwa uliokomaa atamwaga maji puani, meupe yenye povu, kikombe kizima na zaidi. Asiye nao hatoi kitu. Ila usimwinue mwenye hali mbaya sana maana anaweza kukufia mikononi, na asipotoa maji haina maana kwamba hana, ugonjwa mchanga hautoi.

Iceland walikuwa hawana kabisa ugonjwa huu, mwaka 1933 wakaagiza kondoo 20 aina ya Karakul kutoka Ujerumani, wakaingia nao. Waliumaliza baadaye kwa kuchinja makundi mazima mazima, miaka na miaka. Na yule Dolly, kondoo wa Scotland aliyetengenezwa kwa kunakiliwa mwaka 1996, dunia nzima ilidhani kafa kwa sababu ya kunakiliwa, kumbe ni huyuhuyu kirusi. Tarehe 14 Februari 2003 walimpiga picha ya kifua wakiwa wamemlaza kwa dawa, wakaona uvimbe umejaa mapafuni, wakaamua asiamke tena. Alikuwa na miaka 6.

Kwa mtu sasa. Watafiti wamekitafuta sana kirusi hiki kwa binadamu, kwa sababu ukiweka kansa ya kondoo na aina fulani ya kansa ya mapafu ya watu chini ya hadubini moja zinafanana kama pacha, hawajapata ushahidi wa kuaminika kwamba kinawapa watu ugonjwa, na watu wameishi na kondoo zizi moja miaka elfu na elfu. Hapo utaona kwa nini mimi silikejeli swali la virusi na mapafu, mnyama mmoja tayari ametuonyesha inawezekana. Kwetu tu, kwa kirusi hiki, haijaonyeshwa.

Hao wawili watenge leo, hori lao na maji yao, na mwite daktari wa mifugo kabla hujaamua chochote maana minyoo ya mapafu na nimonia navyo vinamkondesha kondoo na kumhemesha hivyohivyo. Kama ni jaagsiekte hakuna dawa wala chanjo, ni kuwaondoa, na wana wao uwaangalie kwa karibu. La nyama mwachie mkaguzi wa machinjio, mnyama anayeumwa hachinjwi nyumbani kimyakimya.

Salaam dokta. Niko Mombasa, naishi na virusi vya ukimwi mwaka wa 9, natumia dawa vizuri na mara ya mwisho nilipimwa virusi havionekani. Kuna mtu kliniki alisema sisi tunapata sana kansa ya mapafu. Ni kweli au ni kutishana tu? Navuta, ila kidogo. (Baba Watatu)

Waaleikum salaam. Kweli ipo na kutishana kupo. Wanaoishi na VVU wanapata kansa ya mapafu kama mara 2 hivi ya wasio navyo, hata baada ya kuhesabu sigara, na kwenye nchi tajiri ni moja ya kansa zinazowaua zaidi. Lakini VVU wenyewe hawaingii kwenye seli ya mapafu kuigeuza. Wao wanachosha kinga, na kinga ndiyo inayozoa seli mbovu kila siku, halafu nimonia na TB za mara kwa mara zinaacha makovu na makovu yanachokonoa. Kwa hiyo wewe kumeza dawa miaka 9 bila kuruka umeshafanya sehemu kubwa ya kazi, hongera.

Ipo nyingine inayochanganya watu, Kaposi. Hiyo ni ya kirusi kweli, ndugu yake EBV, kiligunduliwa 1994, na kinga ikishuka inatoa mabaka ya zambarau kwenye ngozi na kwenye kaakaa la mdomo na wakati mwingine mapafuni, mtu anakohoa damu. Wanaoitazama kwenye eksirei wanaweza kudhani ni kansa ya mapafu ya kawaida au TB. Siyo, na dawa zake ni nyingine, kwanza ARV zenyewe.

Sasa hilo neno "kidogo". Baba, kidogo ni ngapi? Maana kila mvutaji niliyewahi kumuuliza anavuta kidogo. Ukizichukua VVU ukaziweka upande huu na sigara upande huu, sigara ndiyo inayokukaribia zaidi, na ndiyo peke yake kati ya hizo mbili unayoweza kuitoa nyumbani wiki hii. Waambie wenzio wa kliniki wakusaidie kuacha, siyo aibu.

Na kikohozi kikizidi wiki 2, nenda. Wakikupima TB ikaonekana huna, ukapewa dawa za TB hivyohivyo "tujaribu" na mwezi wa pili hakuna nafuu, rudi uombe siti skani. Nasema hivi kwa uchungu. Nilimpokea mzee mmoja fundi seremala, amekunywa dawa za TB mpaka kozi imeisha, ameanzishwa ya pili, kadi imejaa tiki, hakuna karatasi hata moja inayoonyesha vijidudu vya TB vilionekana. Alikuwa anakuja amebeba eksirei yake ya kwanza kwenye mfuko wa rambo, na doa lilikuwemo tangu siku hiyo, ukubwa wa limau.

Mimi niliumwa korona 2021 nikawekewa oksijeni, mapafu yangu yana makovu. Nitapata kansa? (Mwanza)

Hakuna ushahidi kwamba korona inaanzisha kansa ya mapafu. Kovu la mapafu ni kitu cha kufuatilia kwa daktari wako. Kuna utafiti wa mwaka 2025, kutoka Colorado Marekani, uliovuma sana mitandaoni na ukapotoshwa, acha niunyooshe. Walichukua panya wenye seli za kansa ya ziwa zilizokuwa zimelala mapafuni, wakawaambukiza mafua makali au korona, seli zilizolala zikaamka ndani ya siku chache. Zililetwa na kansa ya ziwa, virusi viliziamsha tu kwa ule uvimbemoto wanaouleta. Na takwimu za watu waliowahi kutibiwa kansa zilielekea hukohuko. Kama hujawahi kuwa na kansa, huo utafiti haukuhusu. Kama wewe ni mama uliyetibiwa ziwa, chanjo za mafua na korona zungumza na daktari wako.

Dokta binti yangu kachanjwa HPV shuleni hapa Morogoro. Je hiyo chanjo itamkinga na kansa ya mapafu pia? (Mama Neema)

Mama Neema, hiyo chanjo ni ya mlango wa kizazi na huko inafanya kazi vizuri sana, hongera kwa kutomficha siku ya chanjo maana wapo wanaowaficha. Tanzania tulianza 2018 na sasa hivi ni dozi moja. Mapafu siwezi kukuahidi, nimeeleza hapo juu.

Ila kuna kakona kamoja watu hawakajui. HPV aina ya 6 na 11 zinaota vinyama kama koliflawa kwenye koromeo la watoto wadogo, wameipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mtoto anaanza na sauti ya kukwaruza kama jogoo mchanga, halafu anakoroma, halafu anahema kwa shida na kila mahali anaambiwa pumu. Vinakatwa vinaota tena, vinakatwa vinaota tena. Kwa wachache sana vinashuka mpaka mapafuni, na kwa wachache zaidi ya hao huko ndani vinageuka kansa. Ndipo mahali pekee ambapo HPV ameonekana akiitembea njia nzima kutoka koo mpaka kansa ya mapafu. Australia walipochanja mabinti wengi kwa chanjo inayogusa aina hizo mbili, huo ugonjwa wa watoto ulipungua sana. Siyo kila chanjo ya HPV inazigusa, inategemea ni aina gani, lakini mtoto wako wa mwisho akiwa na sauti ya kukwaruza mwezi mzima bila mafua, usinunue dawa ya pumu dukani, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akamwangalie ndani.

Daktari unatupigia kelele za sigara kila toleo. Wewe hujawahi kuvuta? (Mdadisi, Mbagala)

Nimevuta miaka 6, kuanzia mwaka wa pili chuoni, usiku wa zamu tukijificha nyuma ya chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Nimeacha mara 4, ya nne ndiyo ikashika.